Leso Kati ya Milangilangi

Koulsoum alikuwa akipenya msongamano wa soko la Mahajanga, kasha lake jeusi likamgonga kijana mmoja gotini.

"Pole, kaka!"

"Ahsante. Umebeba nini humo, mawe?"

"Droni. Nasomea kilimo makini chuoni. Tunairusha juu ya shamba, inatuonyesha mti upi una kiu na upi mgonjwa, kila mmoja upewe haki yake."

"Na mwenye shamba akiwa na kiu?"

Koulsoum akacheka hadi mtandio ukamteleza. Kijana aliitwa Soudjay, mkulima wa milangilangi kutoka Andilana, kisiwani Nosy Be, na shati lake lilinukia maua. Jioni hiyo hiyo simu zikaanza.

Safari iliyofuata Soudjay alimletea leso ya zambarau yenye michoro ya makorosho ya njano.

"Usiivae bado, kipenzi. Nitakwambia lini."

"Makubwa! Leso ya kutazama?"

"Subira huvuta heri."

Kwa kazi yake ya mwisho chuoni, Koulsoum alichagua shamba la Soudjay. Siku ya kurusha droni akashikwa na mtihani, hivyo mwenzake Rahamatou akaenda badala yake na kumtumia picha. Koulsoum akazikagua mti kwa mti. Milangilangi hukatwa ibaki mifupi ili wachumaji wayafikie maua, kwa hiyo watu walionekana wazi. Soudjay alikuwa amemkumbatia mwanamke. Uso haukuonekana, ila leso iliyomfunika kichwa na mabega ilikuwa ya zambarau, yenye makorosho ya njano. Wivu, jamani, hauna msomi. Ulimchoma vibaya.

Simu ikalia.

"Asali wangu, picha zimefika?"

"Zimefika. Na huyo uliyempa leso kama yangu nimemwona."

"Umemwona!" Soudjay alifurahi kweli. "Umempenda?"

Kumpenda! Koulsoum akakata simu, na asipokee tena.

Jumapili mlango wa kwao Belobaka, nje kidogo ya Mahajanga, ukabishwa hodi. Alipofungua, kitu cha kwanza alichokiona ni leso ile. Aliyeivaa alikuwa mama wa makamo, uso umepakwa sandali, na nyuma yake Soudjay kainamisha kichwa.

"Mimi Hadjira, mama yake huyu," alisema. "Nyumbani kwetu mwana akitaka kuoa hununua leso, akaikata vipande viwili. Kimoja cha msichana, kimoja cha mama. Mama akikivaa, ameridhia. Siku nilipokivaa, mwanangu alinikumbatia palepale shambani."

"Kwa nini hukuniambia, Soudjay?"

"Niliogopa mama akikataa ungeumia. Nisamehe, mpenzi."

Bi Hadjira akamshika Koulsoum kidevu. "Mwanangu, mti wenye kiu unauona toka mawinguni, mkweo ukashindwa kumwona?"

Koulsoum akacheka huku machozi yanamtoka. Akainama, akaubusu mkono wa mama. "Kwezi, mama," akamwamkia kwa heshima. "Nisamehe." Kisha akamgeukia Soudjay. "Sasa naruhusiwa kuivaa?"

"Ukinitaka."

Koulsoum akaingia ndani, na alipotoka, mabega yake yalikuwa ya zambarau. Bi Hadjira akavuta pindo la leso yake, akaliweka kando ya pindo la Koulsoum, na korosho lililokatwa katikati likawa zima.