Glasi ya Pili ya Mkwe

Siku ya Holi, sikukuu ya Wahindu ya kupakana rangi, Phulmati aliamka kabla ya nyati wake wa maziwa. Alikaza upindo wa sari kiunoni, akakaa mbele ya jiwe la kusagia. Alisaga lozi, pilipili manga na maua ya waridi. Akachanganya na maziwa baridi na sukari. Hiyo ndiyo thandai, na katika mtaa wao mjini Banaras, India, Holi bila thandai si Holi.

Alijaza majagi mawili. La kwanza lilikuwa la maziwa na viungo tu. La pili mumewe, Dinanath, alilitia bonge la majani ya bangi yaliyosagwa, aliyonunua kwenye duka lenye kibali.

Dinanath alikuwa muuza maziwa. Ujanani alikuwa mpiga mieleka, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau.

Mwaka huu sikukuu ilikuwa na uzito wake. Binti yao, Sarla, alikuwa ameolewa, na mila inataka mkwe aje kwa wakwe kwa Holi yake ya kwanza. Mkwe akiondoka bila kushiba, ni aibu. Glasi yake ikikauka, ni aibu zaidi.

Saa tatu asubuhi mkwe alifika kwa pikipiki. Aliitwa Umesh, mwalimu wa shule, kijana mwembamba wa miwani. Nyuma yake alikaa Sarla, akiwa na mimba ya miezi mitano. Alasiri walitakiwa kurudi Mirzapur, mwendo wa saa mbili.

Watu walipakana rangi na kucheka. Saa nne Dinanath akampa Umesh glasi kutoka jagi la pili. Umesh hakuwahi kunywa bangi maishani. Lakini nani atamkatalia baba mkwe mbele ya majirani? Akainywa yote.

Nusu saa ikapita.

"Vipi, mkwe? Imekolea?" Dinanath aliuliza.

"Bado, baba. Sisikii kitu."

"Basi hiyo ilikuwa maji! Mimi na kiko changu cha bangi, navuta mara mbili tu, papo hapo najua. Lete glasi tuongeze!"

Phulmati akaweka chini sinia la sambusa. Maneno hayo aliyajua. Mwaka jana Dinanath aliyasema, akanywa glasi tatu. Adhuhuri alikuwa amelala kitandani akilia kwamba anakufa, moyo unamwenda mbio. Hali hiyo iliendelea hadi kesho yake. Na mwaka jana hapakuwa na pikipiki ya kupanda.

Kumkemea mume mbele ya mkwe hakuweza. Akakimbilia ukuta wa ua, akamwita jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Dada Nirmala! Njoo upesi! Huyu mzee ataniulia mkwe kwa ukarimu!"

Nirmala alikuja mbio, uso wa kijani kwa rangi. Akaitwaa glasi mkononi mwa Dinanath.

"Kaka Dinanath, moshi wa kiko chako unakwenda wapi?"

"Mapafuni."

"Kutoka mapafuni hadi kichwani ni dakika chache tu. Ndiyo maana unajua mapema, na baada ya saa mbili tatu umepoa. Na hii glasi inakwenda wapi?"

"Tumboni! Ulidhani kwenye viatu?" Watu wakacheka.

"Tumboni kuna foleni, kaka. Inachukua nusu saa, saa moja, hata saa mbili kufika kichwani. Ikifika, inakaa saa sita, nane, wengine hadi kesho. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukiongeza ya pili kabla ile ya kwanza haijabisha hodi, zitaingia zote pamoja."

"Kumbe kiko ni bora!" Dinanath alidakia.

"Nani kasema? Kikohozi chako kinaamsha mtaa kila alfajiri. Moshi unachoma kifua, na sheria inaruhusu majani haya ya kunywa, si kiko chako. Salama hasa ni kuacha kabisa. Mjamzito, mtoto, mgonjwa wa moyo au wa akili wasiiguse bangi, iwe ya moshi au ya maziwa. Na aliyetumia haendeshi chombo chochote."

"Na ikimzidi mtu?" Phulmati aliuliza. "Mwaka jana tulimmiminia huyu maji ya ndimu mdomoni."

"Usimmiminie kitu mtu anayesinzia, kitampalia. Mlaze ubavu, mahali patulivu, mtu akae naye. Akiwa haamki, akipumua kwa shida, kifua kikimuuma, au aliyekunywa ni mtoto, ni hospitali moja kwa moja. Na mseme ukweli alichokunywa."

Dinanath alitikisa kichwa. "Mtazameni, mzima kama nyati! Watu watasema nimempa mkwe glasi moja!" Akanyoosha mkono kwenye jagi.

Phulmati akasimama mbele yake. Miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kufanya hivyo.

"Leo hapana, Baba Sarla."

Akauchukua ufunguo wa pikipiki, akauzika ndani ya pipa la mchele.

"Mama, kweli sina neno," Umesh alisema.

"Subiri, mwanangu. Nikikosea, nicheke mpaka Holi ijayo."

Wakasubiri. Saa tano na robo Umesh aliitazama sambusa tamu mkononi, akaanza kuicheka. Akacheka hadi miwani ikaanguka. Kisha akaenda kwa nyati, akaanza kuita majina kama darasani.

"Nyati wa kwanza! Yupo. Nyati wa pili! Mbona huitikii? Simama nje!"

Uani watu walivunjika mbavu. Lakini ghafla Umesh aliacha kucheka. Akamshika Phulmati mkono. "Mama, ardhi inapanda. Moyo wangu!"

Wakamlaza ubavu chumbani. Nirmala alimpima mapigo ya moyo na kumtuliza. Sarla alikaa naye mpaka akalala, akipumua vizuri.

Dinanath alisimama mlangoni. Alimtazama mkwe, akamtazama binti yake na tumbo lake, kisha akaitazama pikipiki.

"Mama Sarla," alisema polepole, "mimi ningempa tatu."

"Najua."

Akalichukua jagi la pili, akalimwaga mferejini kwa mkono wake. Phulmati alifurahi hadi machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

Asubuhi Umesh aliamka mzima, akala chapati sita. Ufunguo ukafukuliwa mcheleni. Wakafika Mirzapur salama.

Holi iliyofuata, Sarla alikuja na mtoto wa kike mgongoni. Mezani palikuwa na jagi moja tu, la maziwa na viungo tu, na Umesh akanywea humo. Jagi la bangi lilifungwa kitambaa chekundu, likafungiwa kabatini kwa kufuli. Kiko nacho kilishatupwa, na alfajiri mtaa unalala.

Aliyetaka jagi jekundu alimwomba Dinanath, naye alikuwa mkali kama mwalimu mkuu. "Glasi moja, ndogo. Umekuja na pikipiki? Lete ufunguo!" Kufikia adhuhuri pipa la mchele la Phulmati lilikuwa na funguo kumi na moja.

Jirani mmoja akainua glasi yake tupu. "Kaka Dinanath, nusu saa sasa, sisikii kitu!"

Dinanath akafungua mdomo, lakini wakamtangulia. Ua mzima, wazee kwa watoto, walipaza sauti pamoja: "Subiri!"