Jiwe la Mama Mayai

Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya kuamka na furaha. Soko letu halikuwa la kila siku. Lilikuwa la Jumamosi na Jumapili tu, pale kwenye uwanja wa kiwanda cha viatu kilichofungwa zamani. Wiki nzima uwanja ule ni wa mbuzi na watu wanaojifunza kuendesha gari. Ikifika Jumamosi, mitaa yote ya pembeni ya mji inamiminika na vikapu, wengine hata hawana cha kununua, wanakuja kusalimiana na kupekua nguo za mitumba. Mimi na mama mdogo tuliuza mboga. Nasema mama mdogo, lakini ndiye aliyeninywesha maziwa kwa chupa mama yangu alipofariki, kwa hiyo nikimwita Mama usishangae.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kitu. Uwanja ule hauna mti. Kivuli ni kimoja, cha ukuta wa kiwanda, na kinatosha meza kumi na mbili tu. Kinakuwepo tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Waliobaki wote wanaiva juani pamoja na bidhaa zao. Ndiyo maana kila Ijumaa alasiri watu walikuja kuweka mawe. Unaweka jiwe lako mahali pako, unakwenda zako nyumbani. Na jiwe la mtu haliguswi. Unaweza kuliruka, kulitukana, hata kulitemea mate ukiwa huna adabu. Kulisogeza, hapana. Mwenyewe asipokuja, nafasi inabaki wazi kutwa nzima na jiwe limekaa pale kama mwenye nyumba. Tulikuwa tunasema jiwe ni mtu.

Nafasi ya tatu kutoka langoni, bora kuliko zote, ilikuwa ya Mama Mayai. Alikuwa mjane mpole, mnene kidogo, anauza mayai. Jiwe lake lilikuwa la mviringo, ukubwa wa mkate, na katikati alilipaka alama kwa rangi nyekundu ya kucha. Tulimtania kwamba jiwe lake linakwenda saluni kuliko yeye. Alikuwa na presha, na daktari alimkataza jua kabisa. Sisi meza yetu ilikuwa safu ya katikati, juani, na spinachi zetu ikifika saa nne zimelala hoi.

Mwezi mmoja Mama Mayai alilazwa. Kabla hajaenda alimfuata mama mdogo, akamwomba amtazamie nafasi yake mpaka atakaporudi. Mama akamshika mikono yote miwili.

"Nenda ukapone, dada. Jiwe lako ni jicho langu."

Wiki ya kwanza alilitazama kweli. Wiki ya pili alilitazama kwa namna nyingine. Ijumaa ya tatu, kabla ya adhuhuri, aliniita pembeni, akaniambia niliondoe. Nilisita, nasema kweli. Akaniambia huyo harudi, watu wa presha anawajua, na kwamba yeye amenilea kwa jua hili, si kwa kivuli. Ungefanya nini wewe? Nililibeba kifuani nikalitupa nyuma ya kiwanda, kwenye mtaro mkavu uliojaa mabaki ya ngozi. Lilikuwa la moto, ingawa lilikuwa kivulini tangu asubuhi. Nikajiambia ni mikono yangu.

Kesho yake tukahamishia meza yetu pale. Mama Mayai alirudi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Amekonda, nguo zinamning'inia, trei za mayai zimebebwa na mtu wa mkokoteni. Alisimama mbele ya meza yetu. Wateja wakawa wanampita.

"Jiwe langu liko wapi?"

Mama akaendelea kufunga mafungu ya spinachi. Akasema hajui habari za jiwe, nafasi aliikuta wazi. Mama Mayai akanigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe umeliona?"

Nikasema sijaliona. Nilimtazama usoni nikasema sijaliona.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, tungejibizana yakaisha. Aliinama akamnong'oneza mama mdogo, na mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu.

"Kaa nacho kivuli. Kaa nacho mpaka kikukatae."

Kisha akaenda kukaa pale tulipokuwa tukikaa sisi, juani, akajifunga kitambaa kichwani, akatugeuzia uso. Hakuna meza nyingine iliyokuwa wazi, na mwenye njaa hachagui. Jumamosi hiyo akatutazama. Jumapili akatutazama. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Mama alikuwa anauza mboga mbichi mpaka saa nane na kuimba, lakini alikuwa akiimba huku amempa mgongo.

Jumapili ya wiki hiyo, kama saa tano na nusu, nilimwona Mama Mayai anayumba. Mama naye alimwona. Hili silifichi. Nikasema nimpelekee maji. Mama akanishika kanga, akasema nimwache, anataka tu watu watuone wabaya. Nikamwacha. Saa sita mteja mmoja alimuuliza bei ya trei, akauliza tena, akamgusa bega. Alikuwa amekaa wima, macho wazi, anatutazama. Walipombeba, mayai kadhaa yalidondoka. Hayakumwagika. Yalikuwa yameiva.

Tulimzika katikati ya wiki. Mama alilia kuliko ndugu zake, na mimi nilijua kwa nini.

Jumamosi iliyofuata tulifika saa moja. Ukuta umesimama, kivuli kimelala vizuri kwenye meza zote. Tukapanga nyanya, tukapanga karoti. Nilipoinua kichwa nikaona mama anajifuta jasho. Jua lilikuwa limempiga usoni. Nikatazama huku na huku. Kulia kwetu muuza vitunguu yuko kivulini. Kushoto kwetu muuza sabuni yuko kivulini. Sisi tulikuwa kwenye kipande cha jua, upana wa meza, kimekatwa pande nne.

Mteja akacheka, akauliza kama leo tumeamua kuanika. Hakuna aliyecheka naye. Muuza vitunguu alisogeza gunia lake pole pole, mbali na sisi.

Mama akahama akasimama kwa muuza sabuni. Jua likahama naye. Akafungua mwavuli. Kivuli cha mwavuli kikaangukia kando, kwenye ardhi tupu, hatua mbili kutoka kwake. Alisogea akifuate. Kikasogea. Nilimwona mama yangu, mtu mzima, anakimbiza kivuli cha mwavuli mbele ya soko zima. Nikamfunika na turubai, tukaondoka, mboga tukaziacha.

Nyumbani nilifunga dirisha na kushusha pazia. Chumba kikawa giza. Nikamlaza. Nikaenda kuchota maji, na niliporudi, kitandani palikuwa na mwanga. Upana wa meza. Haukutoka popote. Mama alikuwa katikati yake, amejikunja.

"Lizime," alininong'oneza. "Mwanangu, lizime hilo jua."

Watu wengine huogopa usiku. Sisi usiku ndio tulipumzika. Jua la nje likizama, na lile la chumbani lilizama. Mama alikula kidogo, alilala kidogo. Jogoo wa kwanza akiwika, anaanza kulia. Ngozi ya mgongo ilikuwa inabanduka, midomo imepasuka. Nilijua akiendelea hivyo hamalizi mwezi, na mimi sina mama mwingine.

Hospitalini, daktari aliutazama mgongo wake akauliza tunafanya kazi gani. Akaandika mafuta ya kupaka. Akasema, mwekeni kivulini. Kuna bwana mmoja wa dawa ambaye majirani walimsifu, nikampeleka huko. Bwana mwenyewe alichungulia mlangoni, akaona mwanga umetutangulia kizingitini, akafunga. Alituambia akiwa ndani kwamba hilo si la mganga, ni la huyo mliyemkosea.

Nikamwendea mwenyekiti wa soko, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuniangalia. Alisema mkono ulioliondoa ndio ulirudishe. Basi nikaingia mtaroni. Siku tatu nilichimbua kwa mikono yangu hii, nikatoa soli, visigino, vipande vya ngozi vinavyonuka. Mawe yalikuwepo mengi. Lenye alama nyekundu halikuwepo.

Ijumaa alasiri nilikata tamaa nikapita uwanjani. Nilitaka kuangalia tu. Nafasi ya tatu kutoka langoni, katikati kabisa, jiwe lilikuwa limekaa. Halina vumbi. Niliuliza kila mtu aliyekuwa pale. Hakuna aliyeliweka. Nikapiga magoti nikalinusa. Rangi ya kucha ilikuwa mbichi, bado inanukia.

Niliona ni rehema, jamani. Niliona ametusamehe, anatuonyesha njia. Kesho yake nikampakia mama kwenye mkokoteni, nimemfunika mashuka yaliyolowa maji, nikamsukuma mwenyewe. Wauzaji wa ukutani walikuwa wameacha nafasi ile wazi, na wenyewe wamekaa wamebanana upande wa pili. Nikamshusha. Jua lake likashuka naye. Alitambaa mpaka mbele ya jiwe.

"Dada, nimekosa," alisema. "Chukua nafasi yako."

Kivuli kikaja.

Hakikutoka ukutani. Kilitoka upande wa lile jiwe. Kilipanda magoti yake, kikapanda kifua. Kilikuwa na mabega. Kilikuwa na kichwa, na kichwani kimefungwa kitambaa. Kikakaa juu yake kama mtu anavyokaa kwenye kiti chake.

Mama akashusha pumzi. Macho yake yakafumba.

"Baridi," alisema, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu jua limpate.

Kisha akasema tena, "Baridi." Hakucheka.

Nilimshika mkono. Ulikuwa kama kitu kilichotolewa kwenye friji. Nilimvuta. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Hakusogea hata kidogo. Alikuwa mwepesi asubuhi ile, nilimnyanyua peke yangu. Sasa alikuwa na uzito wa watu wawili. Niliita watu. Hakuna aliyekuja, na siwalaumu. Hata sisi hatukwenda kumpa maji mtu.

Alikufa saa sita mchana, jua liko utosini, nywele zake zina umande.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilidhani nimekwisha kula sehemu yangu. Niliacha soko. Nafasi ile haijakaliwa mpaka leo.

Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi, nilitoka alasiri nikakuta jiwe nje ya geti. Nikaliruka. Ijumaa iliyofuata lilikuwa kwenye ngazi ya mlango. Nikaliruka pia. Ijumaa iliyopita lilikuwa ukumbini, mlango nilikuwa nimeufunga kwa funguo. Jirani yangu anasema mimi mjinga, nilitupe chooni yaishe. Nikamwambia wewe hujui soko. Kulitupa nililitupa mara moja, na uso wa mwenyewe nikauambia sijaliona.

Leo ni Ijumaa. Nimerudi kutoka dukani nikalikuta jikoni, juu ya stuli yangu ninayokalia nikikata mboga. Rangi ni mbichi. Sijaligusa. Jiwe ni mtu, na mtu akishaweka jiwe, mahali ni pake. Nimemwachia stuli. Nimekaa chini sakafuni, kwenye kona, mahali ambapo jua la dirishani halifiki.

Yaani nilipokaa halikuwa linafika.