Kompyuta ya Mwello

Haya yalimpata rafiki yangu Nerima, fundi wa kompyuta mwenye duka hapa Busia. Mchana mmoja wa mvua alivaa vipokea sauti, akaunganisha modemu, akaingia akiwa mbali katika kompyuta ya kanisa la Mwello, ili anakili nyimbo alizorekodi marehemu mama yake. Mara kishale cha kipanya kwenye skrini kikaanza kutembea chenyewe, kikifuta wimbo mmoja baada ya mwingine.

Akampigia simu katibu wa kanisa.

“Paddy, toa mkono kwa kompyuta!”

“Dada, nimeizima. Iko hapa kwa gunia, napeleka Tororo.”

Nerima hakuinuka. Akaandika kwenye skrini: “Sitoki. Anayeimba humu ni mama yangu.”

Kishale kikasimama. Papo hapo umeme ukakatika, skrini ikazimika, duka likawa giza. Nerima akavikaza vipokea sauti masikioni. Ndani ya vipokea sauti, ingawa umeme haukuwapo, kiti kilisikika kikiburutwa polepole, kikimsogelea.