Lenzi Zilizozungushwa Kulia

Kabati la studio lilikuwa wazi, tupu kama kinywa cha kibogoyo. Lenzi zilikuwa zimeibwa. Kamera zenyewe zilibaki mezani bila macho, na moja ililala sakafuni, nayo bila jicho.

Inspekta alivaa glavu, akachuchumaa.

"Kitasa hakikuvunjwa," alisema koplo. "Funguo anazo mlinzi. Yuko mahabusu, na mkuu wa kituo anataka afikishwe mahakamani kesho. Kazi kwisha, afande."

"Nani mwingine ana funguo?"

"Mwenye studio na mjomba wake. Lakini mtu hajiibii."

Inspekta aliiokota kamera ya sakafuni. Alikuwa amemwona mlinzi huyo, waliyemwita Komeo, ameketi kwenye saruji ya mahabusu. "Wanangu wataambiwa shuleni baba yao mwizi," alikuwa amesema, na maneno hayo yalikuwa bado yakimrudia Inspekta.

Aliigeuza ile kamera kwenye mwanga. Pete ya chuma, pale lenzi inapokaa, ilikuwa imekwaruzwa vibaya. Mikwaruzo yote ilielekea kulia.

"Lenzi ya kamera hii hufunguliwa upande gani?" alimwuliza mwenye studio, mwanamke kijana aliyevimba macho kwa kulia.

"Kushoto. Zile za zamani ndizo za kulia. Tumebadili kampuni mwaka huu. Hizi mpya hulitafuta jicho la bibi harusi zenyewe."

"Na lenzi za zamani?"

"Zimo sandukuni. Haziingiliani na hizi. Ukihama kampuni, unahama na kila kitu."

"Komeo amewahi kushika kamera?"

"Huyo? Hata kwa simu yake anakata watu vichwa."

Inspekta alimgeukia koplo. "Asiyejua angejaribu huku na huku, au angebeba kamera nzima. Huyu aling'ang'ania upande mmoja kwanza, ndipo akageuza. Mkono wake ulikuwa na hakika."

"Hakika ya kukosea, afande?"

"Hakika ya zamani. Niitie mjomba."

Mjomba aliingia taratibu. Mji mzima ulimwita Mzee Tabasamu. Wengi alikuwa amewapiga picha tangu wakiwa wachanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kamera mpya umezizoea?"

"Kitambo. Mpiga picha ni jicho, si chombo."

Inspekta alimpa kamera yenye lenzi pekee iliyosalimika, ile ambayo mwenye studio alikuwa ameenda nayo nyumbani. "Nitolee lenzi, huku ukinisimulia. Mpwa wako aliianzaje kazi hii?"

Uso wa mzee ulikunjuka. "Alikuwa hafikii hata meza. Nikampandisha juu ya kreti, nikamwambia, mama, vuta pumzi kwanza, halafu..."

Vidole vyake vilizungusha kulia. Chuma kikagoma. Vikakaza tena, kulia.

Mzee aliitazama mikono yake kana kwamba imemchongea.

"Mjomba," alisema mpwa wake.

"Sikuziuza," alisema mzee. "Zimo ndani ya lile pazia la kijivu la kupigia picha, lililokunjwa pale kona."

Koplo alilikunjua. Lenzi zikatoka moja moja, kila moja imevikwa soksi safi.

"Kwa nini, mzee?"

"Harusi ile ya mwisho, pete inavishwa, mimi nahangaika na vitufe. Nikaikosa. Mpwa wangu akaniombea radhi kwa watu, nami nimesimama pale pale. Mikono hii ilikuwa ikifanya kazi gizani bila kuuliza njia. Nikasema, lenzi hizi zikipotea tutarudi kwenye zile za zamani, nami nitarudi kuwa mtu."

"Na Komeo?"

"Nilidhani mtamhoji, mmwachie. Baadaye nikaogopa kusema."

"Woga wako ungemmeza mtu mzima mzima."

Mzee aliinamisha kichwa. Mpwa wake alimsogelea, akamshika mikono yote miwili. "Nilipiga hesabu ya kila kitu tulipohama, mjomba. Hii sikuihesabu. Nenda kaandikishe maelezo. Nitakuja nawe."

Jioni, mkuu wa kituo alitia saini hati ya kumwachilia Komeo bila kuinua macho. Koplo, aliyemfunga pingu asubuhi, alimfungulia mlango mwenyewe na kumpigia saluti.

Mkewe Komeo alikuwa kaunta na watoto wao, na nje umati ulikuwa umekusanyika. Mlinzi alisita.

"Afande, kuna mlango wa nyuma?"

"Upo," alisema Inspekta. "Lakini wewe unatoka wa mbele."

Komeo alirekebisha kola ya sare yake, akambeba mtoto wa mwisho mabegani, akatoka katikati ya umati. Watu wakampisha njia.