Kutoka Munich Hadi Vienna

Kila asubuhi ya likizo, Hidaya alifagia sebule ya nyumba yao ya mtaa wa Abu Hamour, akaosha vikombe, kisha akajilaza chini ya kiyoyozi na simu yake. Jua la Doha mwezi wa Agosti halina mzaha. Baba yake, Haji, alikuwa dereva. Mama yake alikuwa yaya wa familia moja ya Kiqatari ambayo kila mwaka hukimbilia Ulaya wakati wa joto, na yaya huenda nao. Mwaka huu walikwenda Munich, Ujerumani.

Siku moja mama alituma ujumbe wa sauti. "Hidaya mwanangu, mjomba wako Mussa amelazwa Vienna, hali yake mbaya. Madamu amenipa ruhusa kesho, lakini jioni niwe nimerudi. Niangalizie, kwa treni ni mwendo wa muda gani? Mimi hapa watoto hawaniachi hata nipumue."

Hidaya alikuwa karibu kushinda mchezo kwenye simu. Akaikumbuka ramani ya darasani, ambako Munich na Vienna zilikuwa karibu karibu. Kwa mtoto aliyekulia Doha, karibu ni mji jirani wa Al Wakrah: hujamaliza soda yako, umeshafika.

"Nimeangalia, mama," akajibu. "Ni mwendo wa saa moja tu."

Hakuwa ameangalia chochote.

Basi mama hakuwa na haraka. Kesho yake alipika kwanza, akawalisha watoto, akafika stesheni mchana. Mkata tiketi akamwambia kwamba safari ni ya saa nne, na kurudi saa nne nyingine. Mama aliketi kwenye benchi na machungwa aliyomnunulia kaka yake, akalia mbele za watu.

Kabla mama hajapata ruhusa nyingine, Mussa alifariki.

Baba ndiye aliyeleta habari hiyo nyumbani. "Mama yako anajilaumu," alisema huku akifuta macho. "Anasema kupika ndiko kulikomponza, angetoka alfajiri angemwona."

Moyo wa Hidaya ulimuuma sana. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. "Baba, si kupika," alisema. "Mimi sikuangalia. Nilikisia tu."

 Baba hakumgombeza. Alipiga simu, akampa. "Mwambie mwenyewe."

Hidaya alisema yote huku akilia. 

"Umefanya vizuri kuniambia," mama alisema. "Nimekusamehe, mwanangu. Ila mjomba wako aliniulizia mpaka mwisho, nimefika wapi. Siku nyingine kama hujui, sema hujui. Ningemuuliza mtu mwingine, na ningefika."