Ungo Juu ya Mpera

Sekela ana miaka sita. Nyumba yao iko Kyela, kwenye mchele mwingi na mvua nyingi.

Nyuma ya nyumba kuna ua. Uani kuna mpera mmoja, pipa moja la maji, na kuku saba.

Kila jioni mama hukaa kwenye kigoda chini ya mpera. Hupepeta mchele wa kupika.

Pepeta, pepeta, fyuu.
Pumba zinaruka.
Mchele unabaki.

Na chenga je? Chenga ni vile vipande vidogo vya mchele uliovunjika. Mama huzitenga pembeni, halafu huzimwaga chini. Mwaaa.

"Kuleni," mama husema, kisha huingia jikoni. Hana muda wa kuangalia nani amekula na nani hajala.

Sekela anao muda. Yeye huangalia kila siku, na kila siku ni vilevile.

Kuku mbele.
Shomoro nyuma.
Kipisi mwisho kabisa.

Kipisi ni shomoro asiye na mkia. Labda paka aliuvuta. Labda ulinasa mahali. Hakuna anayejua, na Kipisi mwenyewe hasemi.

Shomoro wenye mikia hutua vizuri. Tu. Tu. Tu.

Kipisi huyumba kushoto. Huyumba kulia. Kisha hudondoka kama pera bovu. Puu.

Akija kusimama, chenga zimekwisha.

"Chwi," husema Kipisi. Chwi moja tu. Kisha huondoka na njaa yake.

Jambo hilo lilimkera Sekela, hata wali wake ukakosa ladha. "Mama," akasema, "Kipisi hajala tangu juzi."

"Basi amekula kwa jirani," mama akasema. "Maliza wali."

Lakini Sekela alikuwa ameshaamua. Kipisi lazima ale, na lazima ale hapahapa nyumbani, mbele ya macho yake.

Jumatatu, Sekela alishika fimbo. Mama alipomwaga chenga, aliwakimbilia kuku. "Shii! Shii!"

Kuku wakakimbia. Shomoro wakaruka. Kipisi akaruka pia, tena akawa wa kwanza. Zikabaki chenga na Sekela.

Mama akachungulia dirishani. "Ukipiga kelele hivyo," akauliza, "Kipisi atajuaje kwamba humfukuzi yeye?"

Sekela akaitupa fimbo.

Jumanne, alijaza chenga kiganjani. Akakaa chini, akanyoosha mkono, akanyamaza.

Kwa Sekela, kunyamaza ni kazi. Goti likamwasha. Sikio likamwasha. Pua ikamwasha.

Akajizuia. Akajizuia. Akajizuia.

Chyaaa!

Chenga zikaruka kila upande. Shomoro wakaruka kila upande. Bi Mkubwa akaja akazila zote.

Bi Mkubwa ni kuku mwekundu, mnene, mwenye shingo ndefu. Yeye ndiye anayewaamuru kuku wengine. Wakati mwingine humwamuru na mama.

Jumatano, Sekela alikaa chini ya mpera akafikiri. Kuku hula chini, akawaza. Basi chakula cha Kipisi kikae juu.

Lakini kikae kwenye nini?

Ungo wa mama ulikuwa umetundikwa ukutani. Ulikuwa mpya, wa mianzi, umenunuliwa gulioni Jumamosi. Sekela alijua kwamba si wa kuchezea.

Lakini yeye hakuwa anacheza. Na mama alikuwa amekwenda bombani.

Sekela akapanda kwenye pipa. Akafunga ungo kwenye tawi kwa kamba za mgomba. Akamwaga chenga ndani. Mwaaa.

Chwi, chwi, chwi. Shomoro wakaja, mmoja, wawili, watano.

Na chini, Bi Mkubwa akainua shingo yake ndefu.

Akarukia kigoda.
Akarukia pipa.
Akarukia ungo.

Kacha, ikasema kamba.

Puu, ukasema ungo.

"Kwekwekwe," akasema Bi Mkubwa.

Akasimama, akajikung'uta. Mguu wake mmoja ulikuwa umepita katikati ya ungo. Alionekana kama mtu aliyevaa kiatu kikubwa mno.

Hapo hapo mama akarudi, ndoo kichwani. Akatua ndoo. Akamtazama kuku. Akautazama ungo. "Nani amefanya hivi?"

Sekela alitamani sana kusema Bi Mkubwa. Na kweli, mguu ulikuwa wa Bi Mkubwa.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilitaka Kipisi ale."

Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, akautoa mguu wa kuku, akauinua ungo juani. Mwanga ukapita kwenye tundu, ukamwangukia Sekela puani.

"Huu haupepeti tena," mama akasema. "Nenda kaazime wa Mama Tumpe. Na ukaseme mwenyewe kwa nini."

Njia ya kwenda kwa Mama Tumpe ni fupi. Siku hiyo ilikuwa ndefu.

Sekela akamwamkia shikamoo. Kisha akasimulia yote, kuanzia mkia wa Kipisi hadi mguu wa Bi Mkubwa, huku akiangalia vidole vyake vya miguu.

Mama Tumpe alicheka hadi kanga ikamfunguka. "Kumbe ni wewe," akasema. "Mimi nilipoona ungo juu ya mti, nilidhani kuna mchawi ameegesha."

Akampa ungo wake. Akamwambia ausindikize mpaka mikononi mwa mama, asipite nao kwenye mti wowote.

Jioni ile mama akapepeta kwa ungo wa kuazima. Ule wenye tundu akauweka jikoni, karibu na kuni.

Na uani ikawa vilevile.

Kuku mbele.
Shomoro nyuma.
Kipisi mwisho kabisa.

"Chwi," akasema Kipisi, akaondoka na njaa yake.

Alhamisi, mama alikuwa anawasha moto. Akanyoosha mkono kuchukua ule ungo mbovu auchome.

"Mama," Sekela akasema, "huo naomba."

"Wa nini?"

"Wa Kipisi."

Mama akautazama moto. Akamtazama Sekela. Akapumua kwa nguvu, kama mtu mwenye kazi nyingine kumi zinazomsubiri.

"Haya," akasema. "Lakini kamba nitafunga mimi. Fundo lako lile halifungi hata mchicha."

Mama akachukua kamba za katani, tatu. Akalisogeza pipa mbali. Akaufunga ungo kwenye mpera, akauvuta mara mbili. Mafundo hayakulegea.

Sekela akabebwa juu, akamwaga chenga. Mwaaa.

Halafu akasikia kitu.

Ti.
Ti.
Ti.

Chenga zilikuwa zinapita kwenye tundu. Zilikuwa zinaanguka chini, moja moja.

"Mama, unavuja," Sekela akasema. Machozi yalikuwa karibu.

"Ndiyo maana nilitaka kuuchoma," mama akasema. Akakaa kwenye kigoda na ungo wa Mama Tumpe, maana wali haujipiki.

Bi Mkubwa akaja. Akainua shingo. Akautazama ungo, akalitafuta pipa.

Ti. Chenga moja ikamdondokea mdomoni.

Akameza.

Ti. Akameza tena.

Akasimama palepale chini ya tundu, mdomo wazi. Kuku wengine wakaja wakasimama naye. Hakuna aliyekumbuka tena kupanda.

Juu, shomoro wakaanza kutua. Tu. Tu. Tu. Chwi, chwi, chwi.

Sekela akakaa chini karibu na mama. Goti likamwasha. Hakulikuna. Sikio likamwasha. Hakuligusa. Pua ikamwasha, akaibana kwa vidole viwili.

Na hapo Kipisi akaja.

Akayumba kushoto. Akayumba kulia. Akagonga ukingo wa ungo. Ungo ukabembea, shomoro wengine wakaruka, na Kipisi akabingirika mpaka katikati.

Puu.

Akasimama pembeni ya tundu. Pale ndipo chenga zote zilipokuwa zinateremkia.

Kipisi akatazama chenga. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na kuku. Hapakuwa na wa kumsukuma.

Akadonoa moja.

Akadonoa nyingine.

Do, do, do, do, do.

"Mama," Sekela akanong'ona, pua bado imebanwa, "anakula."

Mikono ya mama ilikuwa imesimama. Mchele ulikuwa umetulia kwenye ungo.

"Namwona," mama akasema, polepole, asimshtue.

Wakamwangalia wote wawili, mpaka Kipisi akashiba. Akajifuta mdomo kwenye mianzi, huku na huku. "Chwi, chwi, chwi," akasema. Safari hii tatu.

Kisha mama akakumbuka wali.

Pepeta, pepeta, fyuu.
Pumba zinaruka.
Mchele unabaki.

Kuku chini.
Shomoro juu.
Kipisi katikati kabisa.

Usiku ulipoingia, Sekela alipanda kitandani na mama akapanda pembeni yake, kidogo tu, amlaze.

"Mama, mkia wa Kipisi utaota?"

"Utaota."

"Usipoota?"

"Atakula bila mkia. Lala."

Sekela akalala upande wa kushoto. Akalala upande wa kulia. "Mama, ungo wa Mama Tumpe tutaurudisha lini?"

Mama alikuwa ameshalala, mguu mmoja nje ya neti.

Sekela akaushika ule mguu, akauvuta ndani. Akachomeka neti chini ya godoro, kama mama anavyofanya kila siku.

Mama ndani.
Sekela ndani.
Mbu nje kabisa.