Kibao Chini ya Kioo

“Niambie hapa hapa, mbele za watu. Kila Alhamisi unapotelea wapi?”

Ukumbi wa maonyesho ukageuka kuwatazama. Fundi Redio, asiyeona tangu utotoni, alisimama na fimbo yake nyeupe. Alikuja kumpongeza mpenzi wake, Mchoraji. Lakini simu yake, ambayo humsomea kila ujumbe, ilikuwa imetoka kuropoka mbele ya kadamnasi:

“Shangazi anasema: Achana na huyo. Jana Alhamisi nimemwona tena akiingia nyumba ile ile, na lile jibaba la miwani ya jua.”

“Mimi nilijua umepunguza sauti!” Shangazi yake alijitetea kutoka kwenye meza ya soda.

“Mpenzi,” Mchoraji alisema, “malizia kwanza picha ya mwisho.”

Picha zake zote zilikuwa za kushikwa: nyuzi, mchanga, vifungo vya mashati. Chini ya kila moja palikuwa na kibao cha nukta nundu, ili wasioona wajisomee kwa vidole. Fundi Redio alivikagua vyote mwenyewe, isipokuwa cha picha hiyo ya mwisho, alichokatazwa kukigusa.

“Sitaki picha. Nataka jibu, la sivyo leo ndiyo mwisho wetu.”

“Jibu liko hapo. Nyoosha mkono.”

Akanyoosha. Vidole vikateleza.

“Mbona hiki ni kioo?”

“Kioo!” Mchoraji alimgeukia kijana aliyefunga fremu. “We fundi vioo, nani kakutuma ufunike?”

“Dada, niliona vile vidoti vimependeza, nikasema watu watavichafua na mikono yao...”

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Fundi Redio, na hasira zake zote, kicheko kilimponyoka.

“Nipisheni,” alisema, akichomoa bisibisi mfukoni. “Hiyo ndiyo kazi yangu.”

Skrubu nne, kioo kikatoka. Akapapasa.

“Hiki hakijatoka kwenye mashine kama vingine. Nani huyu? Kakandamiza kama anatoboa bati!”

“Soma bwana, acha maneno,” Mchoraji alimhimiza.

Akasoma kwa sauti, kidole kikijivuta. “Kila Alhamisi niko kwa mwalimu wako wa zamani, najifunza kukuandikia, ili siri zetu zisisomwe tena na simu. Utanioa?”

Kidole kikaganda mwisho wa mstari.

“Jibaba ni mwalimu?” Shangazi alimaka. “Si mngesema! Nimelinda ile nyumba wiki sita, mpaka mbu wa pale wananijua!”

Fundi Redio hakumsikia. Aliutafuta mkono wa Mchoraji, akakuta ncha za vidole zimeota sugu.

“Na mimi nilitaka kukuacha leo. Nisamehe.”

“Nijibu kwanza.”

“Nakuoa. Hata kesho. Ila uandishi wako, mke wangu, tutaurekebisha nyumbani.”

Vigelegele vikapaa. Kabla havijatua, simu ikaropoka tena:

“Kundi la ukoo. Shangazi anasema: Jamani, harusi ipo! Na mniheshimu, mimi ndiye niliyewaunganisha.”